Minofu ina maabara, dagaa hana

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza kama faida ya makampuni na mikono ya wanasiasa vinaiharibu sayansi. Wengi watakaojibu, nadhani, watamtafuta mwongo: kampuni iliyoficha matokeo, mkubwa aliyechezea takwimu. Waongo wapo, siwatetei. Ila kwa jinsi ninavyoijua sayansi ya huku Kanda ya Ziwa, uongo ni sehemu ndogo ya tatizo. Sehemu kubwa hutokea kabla mtafiti hajavaa koti jeupe, pale mwenye fedha anapoamua kipi kiulizwe. Majibu yakija yanakuwa ya kweli kabisa, isipokuwa si ya maswali yetu.

Chukueni furu. Miaka ya 1970 ndio walioujaza Ziwa Victoria: samaki wadogo, wa aina mamia, ambao maofisa uvuvi tangu enzi za mkoloni waliwaona hawana thamani. Hapa Mwanza kikajengwa kiwanda cha kuwasaga wawe unga wa chakula cha mifugo, na likaja swali la kiwanda: meli za trola zinaweza kutoa tani ngapi bila kumaliza akiba? Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walifika Mwanza mwaka 1977 kuwachunguza furu hao. Wakajikuta wanashuhudia msiba. Sangara, samaki mkubwa mla wenzake aliyepandikizwa ziwani upande wa Uganda na Kenya kati ya miaka ya 1950 na 1960, aliongezeka kwa kasi katika Ghuba ya Mwanza mwanzoni mwa miaka ya 1980, na furu wakatoweka aina kwa aina mbele ya macho yao. Makadirio yao yalifika aina mia mbili hivi kwa ziwa zima.

Wala haikuwa kwamba hakuna aliyeonya. Mwanasayansi Geoffrey Fryer aliandika mwaka 1960 akipinga kumwingiza ziwani samaki mkubwa mla wenzake. Hoja yake ilizidiwa na hamu ya kupata samaki mnene wa kuuza, na wa kuvulia kwa ndoano kama burudani. Leo tukiweza kutaja kwa majina tulichopoteza ni kwa sababu kuna kiwanda kilichohitaji hesabu ya malighafi yake. Elimu ile ilikuja kama nyongeza ya mzani. Mimi nashukuru, lakini najiuliza ni mambo mangapi ya ziwa hili hayajulikani kwa kuwa hayakuwahi kuwa malighafi ya mtu.

Viwanda vya minofu ya sangara vilipoota Mwanza miaka ya 1990, swali likahama pamoja na fedha. Nilifanya kazi katika kimojawapo, sitakitaja, kitengo cha udhibiti ubora. Tulipima joto la minofu kila hatua, tukapangusa meza na visu kutafuta bakteria, tukahakikisha kila anayeingia amevaa buti na kukanyaga maji ya klorini. Sababu ya ukali ule kila mfanyakazi aliijua. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa ziwa letu kufuatia habari za watu kuvua kwa sumu, na mwaka mmoja kabla ya hapo kulikuwa na zuio jingine kwa sababu ya kipindupindu. Hilo la kipindupindu lilikuwa na kituko chake: Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba hatari ya ugonjwa huo kusafiri na chakula kinachouzwa nje ni ndogo sana, na bado zuio likawekwa. Nataja hili kwa ajili ya wale wanaodhani siasa huiburuza sayansi Afrika tu.

Sitaki kuwa mnafiki. Fedha ya sangara ndiyo iliyotuletea nidhamu ya vipimo, na leo Nyegezi kuna maabara ya taifa ya ubora wa samaki ambayo sidhani ingesimama kwa ajili ya walaji wa Igoma na Buhongwa peke yao. Soko likidai kitu kwa ukali, kitu hupatikana.

Lakini minofu inaliwa Ulaya. Sisi tumebaki na mapanki, yaani mifupa na vichwa vya sangara vinavyobaki kiwandani, na dagaa. Siku moja nilikwenda soko la samaki la Kirumba Mwaloni, hapa Mwanza, kununua dagaa nikiwa bado na sare ya kiwanda. Mama mmoja mtu mzima, mfanyabiashara wa miaka mingi pale sokoni, baada ya shikamoo na marahaba akaniangalia ile sare. "Mwanangu, samaki wa Wazungu mnawapima kila siku. Na dagaa wetu mtawapima lini?" Nikamweleza kwamba kiwanda hupima anachodai mnunuzi. "Kwani mimi si mnunuzi?" Sikuwa na la kumjibu.

Dagaa siku hizi ndio sehemu kubwa zaidi ya samaki wanaovuliwa Ziwa Victoria kwa uzito. Kutoka Kirumba wanakwenda nchi nzima, na wengine wanavuka hadi Kongo, Rwanda na Burundi. Ndio mboga ya shule za bweni, ndio mboga ya mtu aliyeishiwa. Sehemu nyingine inasagwa kuwa chakula cha kuku, yaleyale ya furu. Watafiti wa TAFIRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa uvuvi, wamewafanyia kazi dagaa, nawaheshimu kwa hilo. Ila upimaji wa mzigo kwa mzigo kama ule niliokuwa nikiufanya kwenye minofu, mimi kwa dagaa sijauona. Wanaanikwa mchangani, mvua za masika zinawanyeshea, na minong'ono kwamba wapo wanaopuliza dawa ya wadudu kwenye stoo haijawahi kwisha pale mwaloni. Huenda ni majungu ya kibiashara. Huenda ni kweli. Mabaki ya sumu kwenye minofu yanajulikana hadi kwa namba kwa sababu kuna mtu Ulaya aliyeuliza.

Sasa niwageuzie upande mwingine, maana kuna swali ambalo hakuna muuzaji angelipenda, na limejibiwa hapahapa Mwanza. Chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi ilipoingia sokoni mwaka 2006 ilikuwa ya dozi tatu, baadaye zikawa mbili kwa wasichana wadogo. Kampuni iliyosajili bidhaa yake kwa dozi tatu haina haja ya kutafuta kama moja ingetosha. Sioni uovu hapo, ni hesabu tu ya duka. Dalili za kwanza zilionekana Kosta Rika, ambako baadhi ya wanawake waliokuwa kwenye utafiti hawakumaliza dozi zao, na ikaonekana hata waliochanjwa mara moja walikuwa na kinga nzuri. Kuanzia mwaka 2017 watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, wakishirikiana na chuo cha tiba za kitropiki cha London, waliwafuatilia wasichana 930 wa Mwanza wa miaka 9 hadi 14, wakilinganisha dozi moja, mbili na tatu. Wakati huohuo Kenya nao walikuwa na utafiti wao, Kisumu ikiwa mojawapo ya vituo. Mwaka 2022 washauri wa chanjo wa Shirika la Afya Duniani wakakubali kwamba dozi moja inaweza kutumika, na mwaka 2024 Tanzania ikahamia dozi moja.

Fikirieni maana yake kwa muuguzi wa zahanati ya Ukerewe au Kome. Hamsaki tena binti aliyehama shule ili ampe dozi ya pili, na bajeti ileile inachanja wasichana mara mbili zaidi. Kwa mtengenezaji, kila msichana anayechanjwa sasa ni dozi chache zilizouzwa. Fedha za utafiti ule zilibidi zitoke kwenye mifuko ya umma na ya hisani, na sehemu kubwa ilikuwa ya nje. Hapo ndipo furaha yangu inapopungua.

Kichocho, ugonjwa wa minyoo unaoambukizwa kwenye maji kama ya ziwa letu, kinaonyesha upande wa pili wa shilingi. Dawa ya praziquantel, iliyotengenezwa Ujerumani miaka ya 1970, imekuwa karibu peke yake dhidi ya ugonjwa huu kwa zaidi ya miaka 40. Ni dawa nzuri, na kampuni ya Merck ya Ujerumani imekuwa ikitoa mamilioni ya vidonge bure kwa ajili ya wanafunzi. Lakini ni kidonge kikubwa na kichungu, na watoto wa chini ya miaka mitano, wanaooshwa na mama zao katika maji yaleyale ya ziwa, waliachwa nje ya ugawaji. Kidonge chao kinachoyeyuka kwenye maji kilikubaliwa na wadhibiti wa dawa wa Ulaya Desemba 2023 tu, baada ya majaribio yaliyohusisha Homa Bay, ng'ambo ya pili ya ziwa hili. Mtoto wa Mwanza au wa Homa Bay si soko.

Na wanasiasa? Wao, kwa ninavyoona, hawajishughulishi sana na swali. Wanalivizia jibu. Desemba 2016 Dk. Mwele Malecela, aliyekuwa mkurugenzi mkuu wa NIMR, alitangaza kwamba utafiti umekuta dalili za virusi vya Zika kwa baadhi ya watu nchini. Serikali ikasema hakuna mlipuko, na ndani ya muda mfupi Rais Magufuli akatengua uteuzi wake. Inawezekana tangazo lilihitaji maelezo zaidi, kwa maana kukuta kinga ya virusi kwenye damu si sawa na kukuta mlipuko. Lakini hilo lilijadilika kwa karatasi na vipimo. Miaka miwili baadaye Shirika la Afya Duniani lilimpa idara nzima ya magonjwa yasiyopewa kipaumbele, kichocho kikiwemo, akaiongoza kutoka Geneva karibu hadi kifo chake Februari 2022. Mwaka 2018 Sheria ya Takwimu ilirekebishwa ikafanya kuwa kosa kuchapisha takwimu zinazopingana na za serikali. Mwaka uliofuata kipengele hicho kililegezwa, baada ya wahisani kulalamika. Angalieni ni nani aliyesikilizwa.

Wahisani nao wana siasa zao. Mapema 2025 Rais Trump aliposimamisha misaada ya Marekani, miradi ya magonjwa hayohayo yasiyopewa kipaumbele ilikuwa miongoni mwa iliyokatwa, na hakuna mkazi wa Sengerema aliyepiga kura kule.

Kwa hiyo jibu langu kwenu ni kwamba makampuni yatabaki kuuliza maswali yao, na ni haki yao. Nchi za Afrika ziliahidi zamani kutenga asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti. Sisi hatujafika, na sitasubiri hiyo. Samaki wanaokwenda nje hulipiwa mrabaha. Kipande kidogo cha fedha hizo kitengwe kwa maswali yanayopendekezwa na wavuvi, wachuuzi na wahudumu wa zahanati za kandokando ya ziwa, na watafiti washindane kuyajibu. Swali la kwanza lipo tayari, yule mama ameshaliuliza, na kutoka Kirumba hadi maabara ya Nyegezi ni nauli ya daladala. Najua vikundi vya mialo navyo vina wakubwa wake na kampeni zake. Ndiyo maana ningeweka sharti moja: matokeo yabandikwe ubaoni mwaloni siku ileile yanapopelekwa wizarani, si baada ya wizara kuyapitisha.

Msomaji wenu,
Ilemela, Mwanza