Pedali ya breki inazama gari likipata moto: ni masta silinda?

SWALI: Salaam aleikum, fundi. Mimi ni kijana wa Nyali. Nina gari dogo la michezo la kujiundia, umbo la Lotus Seven, ambalo mwenyewe wa kwanza aliliunganisha kwa vipande alivyoagiza Uingereza. Injini ni Ford Kent 1600, kabureta ni Weber mbili, breki za mbele ni diski na za nyuma dramu. Wikendi tunakodi kiwanja cha lami, tunapanga koni na kushindania saa. Raundi za mwanzo breki ziko sawa, kisha pedali inalainika na mwishowe inazama karibu na sakafu. Nikipumzika nusu saa, inarudi. Fundi wangu anataka kubadilisha masta silinda, ile pampu ya breki inayosukumwa na pedali. Wenzangu nao wanasema nitoe injini hiyo ya kizee nitie ya Toyota, 4A-GE ya vali 20, ndiyo nikashindane Nairobi mwakani. Nianze na lipi?

JIBU: Aleikum salaam, ndugu yangu. Mwambie fundi wako asubiri kwanza, na pesa ya injini ya Toyota iache palepale ilipo. Umenieleza kila kitu isipokuwa mafuta ya breki yalibadilishwa lini, na naona tatizo lako liko hapo.

Pedali inayozama gari likiwa na moto na kurudi likipoa, hiyo ni dalili ya mafuta yaliyochemka. Mafuta ya DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1 hunyonya unyevu wa hewa kupitia mipira ya breki na kifuniko cha kopo lake. Hewa ya Mombasa unaijua. DOT 4 mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230. Ikishakunywa maji kiasi cha asilimia tatu na ushee, kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 155, na kaliperi (kibano kinachobana pedi kwenye diski) iliyopata moto sana hufika huko bila taabu. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubanwa. Mguu wako unabana mvuke badala ya kusukuma pedi. Yakipoa, mvuke unarudi kuwa maji na pedali inasimama tena kana kwamba hakuna lililotokea.

Masta silinda iliyochoka haina tabia hiyo. Gari likiwa baridi, kanyaga pedali kwa nguvu ya wastani, ushikilie kama dakika moja bila kuachia. Ikiteremka polepole chini ya mguu na huoni mafuta yakivuja popote, mipira ya ndani imekwisha na fundi wako ana haki yake. Ikikaa imara, masta ni nzima. Pedali ya sponji tangu asubuhi, inayopanda ukiipampu, ni hewa ndani ya mfumo. Pedali inayokwenda mbali lakini ni ngumu ikifika, mara nyingi ni shuu za dramu za nyuma zinazohitaji kukazwa. Na ikiwa pedali ni ngumu kama jiwe lakini gari halisimami, hapo pedi ndizo zilizoungua.

Sasa kuna jambo linalonitia shaka zaidi. Gari lako lina kilo mia tano na kitu, pengine mia sita na wewe ndani. Kwa mwendo uleule, breki zake zinapokea kama nusu tu ya moto unaopokelewa na breki za saluni ya kawaida. Gari jepesi hivyo si rahisi lichemshe breki kwa raundi chache, hata kama mafuta ni ya zamani, ila kama kuna kitu kinashika. Ukirudi kutoka uwanjani, kabla halijapoa, tia jeki na uzungushe kila gurudumu kwa mkono. La mbele litasugua kidogo, hilo ni kawaida ya diski. Likikataa kuzunguka, pistoni ya kaliperi imeshika kutu na hairudi ndani. Hilo kwetu Pwani ni ugonjwa wa kila siku, hasa kwa gari linalolala nje karibu na bahari na kuendeshwa wikendi tu. Vua mpira wa kukinga vumbi uangalie: ukiona madoa ya kutu yaliyochimba juu ya pistoni, usiisugue na msasa ukairudisha. Nunua pistoni mpya na mipira yake.

Ukimaliza hapo, badilisha mafuta yote. Tia DOT 4 nzuri au 5.1, ambayo huanza na nyuzi 260 na ikishakunywa maji haitakiwi kushuka chini ya 180. Usiguse DOT 5 bila hiyo nukta moja. Hiyo ni ya silikoni, haichanganyiki na hizi nyingine. Nunua chupa ndogo zilizofungwa, na iliyobaki nusu usiiweke kabatini kwa ajili ya mwezi ujao. Kwa hapa Mombasa na kwa mashindano, mimi hubadilisha kila miezi sita.

Wakati wa kutoa hewa anza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta: nyuma kushoto, nyuma kulia, mbele kushoto, mbele kulia. Na kabla hujamwita kijana akukanyagie, weka kipande cha mbao chini ya pedali ili isifike sakafuni. Siku zote pistoni ya masta hutembea sehemu ya mwanzo tu ya silinda. Huko mwisho, ambako haifiki, kumejaa uchafu na kutu. Ukikanyaga mpaka chini, mpira unapita juu ya kutu hiyo na kuchanika, na masta iliyokuwa nzima asubuhi inakuwa imekufa jioni. Kisha fundi anakwambia, “Si nilikuambia?” Kuwa mwangalifu pia na rangi ya bodi. Mafuta haya huila, kwa hiyo yakimwagika mwagia maji mengi papo hapo.

Kwa kuwa umesema gari limetoka Uingereza na injini ni Kent, nikuonye kuhusu bolti. Nyingi zake ni za inchi, na maduka ya hapa yamejaa za milimita. Bolti ya M8 na ile ya 5/16 meno membamba huwezi kuzitofautisha kwa macho, kwani unene umepishana kwa sehemu ndogo mno ya milimita. Lakini meno ya M8 yanapishana kwa milimita 1.25 na ya ile nyingine kwa 1.06 hivi. Inaingia mizunguko miwili, inakaza, mtu anatia spana ndefu na kumalizia kwa kifua. Meno yamekwenda. Bolti lazima iingie kwa vidole karibu yote. Isipoingia, itoe uitazame.

Hapa pia watu wanapenda stenlesi, maana wauza vifaa vya boti wanazo na hazishiki kutu. Zitumie kwenye madigadi na taa. Kwenye saspensheni, usukani na mikanda ya viti, hapana. Stenlesi ya kawaida yenye chapa A2-70 huanza kuvutika na kubaki imeharibika kwenye megapaskali 450. Ya chuma iliyopigwa 8.8 kichwani huvumilia hadi 640. Za inchi hazina namba hizo bali mistari: mitatu ni gredi 5, sita ni gredi 8. Kichwa kisicho na alama yoyote kirudishe dukani. Kisha kila baada ya siku ya mashindano zipitie zote kwa spana. Ukizipiga mstari wa rangi kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma iliyoshikwa, utaona kwa jicho tu iliyolegea.

Chasisi ya gari kama lako ni mabomba ya chuma yaliyovikwa mabati ya alumini kwa riveti, na alumini ikikutana na chuma penye chumvi huoza yenyewe. Tafuta unga mweupe pembeni mwa riveti na rangi iliyofura. Mabomba ya chini yagonge kwa mpini wa bisibisi: mlio mkavu ni mzima, mlio mzito kama wa debe lenye matope yataka kuchunguzwa. Ukitoboa na kutia riveti mpya, paka kwanza chuma rangi ya zinki, na utenganishe na bati kwa silanti. Osha gari kwa maji matamu hata kama halina vumbi. Na hayo hayo ndiyo ya rejeta, pamoja na kulanti yake (dawa ya kupoza injini): maji ya visima vyetu mengi yana chumvi, na rejeta ya alumini hayaiwezi.

Matairi: kijana wa petroli stesheni akikujazia 32 kama teksi, utateleza kama uko kwenye sabuni. Anza na 18 hadi 20, tairi likiwa baridi, upande au ushuke kidogo kidogo huku ukiandika saa zako.

Injini ya Toyota ni nzuri, sikatai, na vipuri vyake Kenya ni rahisi. Ila ile ya vali 20 ilitengenezwa kwa gari la kuvuta mbele. Ukiilaza kwenye gari lako, distributa iliyo nyuma ya hedi inagonga ukuta wa kebini, mabomba ya maji yanapaswa kupangwa upya, na giaboksi utatafuta nyingine. Hiyo ni kazi ya mwaka, na bado breki ni zilezile. Hiyo Kent unayoiita ya kizee, bloku lake ndilo lililobeba injini ya Escort RS1600 aliyoshinda nayo Hannu Mikkola Safari Rally mwaka 1972. Ishike kwanza.

Kuhusu kushindana, anza na leseni kutoka Kenya Motor Sports Federation, uwaulize ratiba ya mashindano ya lami. Sisitiza neno lami. Autokrosi nyingi za hapa huchezwa kwenye murram, na sampu (beseni la oili chini ya injini) ya gari lililo chini hivyo itakutana na jiwe raundi ya kwanza. Watakagua roli ba (bomba la kukulinda gari likipinduka), mikanda, helmeti na kizima moto, na mikanda iliyopigwa na jua miaka mingi haifai hata kama inaonekana safi. Mazoezi yafanye kwenye kiwanja chenu. Barabara ya Malindi alfajiri si uwanja.

Nairobi lipeleke kwa trela, na usiende na kabureta zilizopimwa hapa. Kule ni kama mita 1,700 juu ya bahari, hewa imepungua kwa takriban asilimia 15. Weber haijui hilo, inaendelea kumwaga petroli ya Mombasa, na injini inakuwa nzito na kutoa moshi mweusi. Chukua jeti kuu (kijitundu kinachopima petroli ndani ya kabureta) ndogo kwa hatua moja na mbili, mfano kama unatumia 125 beba 120 na 115, jozi kamili kwa kabureta zote mbili. Fika siku moja kabla, kimbiza gari kwa nguvu, lizime hapo hapo na ufungue plagi. Zikiwa na masizi meusi makavu, shuka hatua moja. Zikiwa na rangi ya kahawia ya chai ya maziwa, ziache. Zikiwa nyeupe, panda jeti haraka kabla ya pistoni kutoboka. Na nguvu iliyopungua kule haitarudi kwa jeti yoyote, kwa hiyo usimruhusu mtu akuuzie nyingine uwanjani.