Jua kali, uwanja wa juu: usiivute pua

Nafundisha urubani wa ndege za injini moja pale uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, na naona wanafunzi wanaogopa mawingu, mvua na upepo wa ubavuni. Jua hawaliogopi. Mchana wa Februari, anga jeupe kabisa, wao huuita siku nzuri ya kuruka. Kwangu hiyo ndiyo siku ya kukaa na penseli kabla ya kuigusa ndege, maana joto huifanya hewa iwe nyepesi, kana kwamba uwanja umepanda juu zaidi.

Wilson iko takriban futi 5,500 juu ya usawa wa bahari. Kwa mwinuko huo, majedwali ya urubani huhesabu nyuzi 4 tu za Selsiasi kuwa joto la kawaida. Kipimajoto kikisoma 28, pana ziada ya nyuzi 24. Kila nyuzi ya ziada ni kama kupanda futi 120, basi zidisha kwa 120, unapata karibu futi 2,900 za kuongeza. Yaani magurudumu bado yako chini, lakini injini na mabawa vinafanya kazi kana kwamba viko futi 8,400. Injini isiyo na turbo, yaani kifaa cha kuisukumia hewa zaidi, hapo imeshapoteza kama robo ya nguvu zake, propela inakamata hewa nyepesi, na abiria hawajapungua hata kilo moja.

Ajali yenyewe huanza kwa matumaini. Karibu na ardhi bawa hupata msaada, kwa hiyo ndege hunyanyuka mapema na rubani anaamini mambo yamekaa sawa. Ikipanda kama upana wa mabawa yake, msaada ule unaisha na ndege inasita. Mbele kuna migunga. Mkono unavuta usukani bila hata kufikiri. Pua inainuka, kasi inashuka, na pembe ya bawa dhidi ya hewa inayolijia ikishapita kama nyuzi 15 hivi, hewa inaachana na mgongo wake na bawa linaacha kuibeba ndege. Hiyo ndiyo stoli, na kwa kimo cha mita 30 huna nafasi ya kuitengeneza.

Macho nayo hudanganya. Katika hewa ya namna hiyo, kipimakasi kikisoma noti 60 (maili za baharini kwa saa), ndege inakwenda karibu noti 68 juu ya ardhi hata kama hakuna upepo. Rubani aliyezoea Mombasa anaona nyasi zinakimbia, anadhani ana kasi ya kuchezea, anakata kona. Kona ya nyuzi 45 pekee inapandisha kasi ya stoli kwa karibu asilimia 19.

Wanafunzi wangu wote nawaonyesha video ya Juni 2012 kutoka Bruce Meadows, jimbo la Idaho, Marekani. Ni Stinson 108-3 yenye watu wanne, mchana wa joto, kwenye uwanja ulio zaidi ya futi 6,000, na kamera iko ndani ya ndege. Njia ya kurukia ni ndefu, injini inanguruma vizuri, lakini ndege haipandi mpaka inaishia kwenye miti. Wote wanne walipona, ingawa rubani aliumia vibaya.

Ushauri wangu mkubwa ni saa. Saa moja asubuhi na saa nane mchana ni viwanja viwili tofauti. Kama lazima uruke mchana, punguza uzito: kuacha lita 55 za mafuta kunakuondolea kama kilo 40, mradi akiba ya safari ibaki. Mizigo ya watalii ipime kwenye mizani, usikubali "ni begi dogo tu, kapteni". Ukigombana na mwenye begi, gombana naye ukiwa chini.

Juu ya futi 3,000 punguza mafuta kwenye mchanganyiko wa mafuta na hewa unaoingia injini, kama kitabu cha ndege yako kinavyoelekeza, vinginevyo unatupa nguvu ambazo tayari ni chache. Chagua alama katikati ya njia. Ukifika pale hujapata asilimia 70 ya kasi ya kunyanyukia, funga nguvu, shika breki, usijadiliane na nafsi yako.

Ikishanyanyuka, ishikilie chini mpaka kasi ya kupandia itimie, ndipo uiache ipande polepole. Isipopanda na njia bado ipo, irudishe chini. Njia ikiwa imekwisha, shusha pua na utue mbele yako, hata kama ni kichakani, ndege ikiwa bado inatii usukani.

Kabla msimu wa joto haujaanza, panda na mwalimu hadi kimo salama, mfanye stoli ya kuondokea, yaani kama ile ya wakati wa kuruka, nguvu zote zikiwa wazi, mrudie tena na tena mpaka mkono wako uzoee kusukuma badala ya kuvuta.