Shamba la urithi na mkulima anayelikodi

Ndugu, nimekuelewa: shamba mlilorithi liko mteremkoni, mvua inabeba udongo, na anayelikodi hataki kuchimba makinga maji. Mimi simlaumu. Makubaliano ya mdomo, ya msimu mmoja mmoja, hayampi mtu sababu ya kutunza ardhi ambayo mwakani huenda akanyang'anywa. Mpe mkataba wa maandishi, miaka mitano hivi, ukitaja fidia yake ukilitwaa mapema. Gharama za makinga maji mgawane. Yafuate kontua, yaani mistari ya kimo kimoja inayokata mteremko, kingo zipandwe majani ya vetiva, maana mizizi yake hushuka hata mita 3. Mabua yasichomwe. Na madalali wa viwanja uliosema wanakusumbua, usiwasainie chochote mwanasheria hajakisoma. Na kama korongo limeshaanza, mwite kwanza afisa ugani. Ukilifukia kienyeji litapanuka.