Sina pumu wala sivuti sigara, moshi wa malori utanifanya nini?

SWALI: Shikamoo dokta. Mi ni kijana wa miaka 27, niko Tabora mjini, tuna kikundi chetu cha jogingi, asubuhi tunakimbia barabara ya kwenda Nzega na kurudi tunapitia stendi. Sasa hiyo saa ndo mabasi yanatoka na malori yanapita, moshi mweusi tunaumeza kwelikweli. Mwenzetu mmoja anasema mtu mzima wa mazoezi mapafu yake yanajisafisha yenyewe, wa kuogopa ni wenye pumu tu. Mwingine anakohoa kila siku, karibu mwezi sasa, tunamwambia ni moshi. Ni kweli? Na barakoa inasaidia? (Mkimbiaji, Tabora)

JIBU: Marahaba mwanangu. Mwenzenu kasema nusu ya ukweli, na nusu aliyoiacha ndo inayoumiza watu.

Mapafu yanajisafisha, sawa. Vumbi letu hili la kiangazi, lile la chembe kubwa, linanaswa puani na kwenye ute, halafu vinywelea vya kwenye njia ya hewa vinausukuma ule ute juu unautema au unaumeza, basi. Masizi ya dizeli sio hivyo, chembe zake karibu zote ziko chini ya maikromita 2.5 wakati unywele wa kichwani una kama 50 mpaka 70, kwa hiyo zinapenya zinashuka mpaka kwenye vifuko vya hewa huko chini ambako hamna vinywelea vya kuzitoa, zinabaki zinachokoza uvimbe, na zile ndogo kabisa zinaweza kuingia hadi kwenye damu. Mwaka 2012 shirika la utafiti wa saratani la WHO liliuweka moshi wa dizeli kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, na hapo hawakusema wenye pumu tu.

Na nyie mnakimbia! Mtu aliyekaa anavuta kama lita 6 mpaka 8 za hewa kwa dakika, ukikimbia kwa nguvu zinapita 50, tena kwa mdomo, pua imeshaachwa nje ya kazi.

Kuna utafiti wa London uliotoka 2018 nautaja sana kliniki. Watu wa miaka 60 na kuendelea, wengine wagonjwa wengine wazima kabisa, walitembezwa saa mbili bustani ya Hyde Park, na siku nyingine saa mbili Oxford Street yenye mabasi na teksi za dizeli. Wale wazima wakitoka bustanini mapafu yanafanya kazi vizuri zaidi na nafuu inafika mpaka kesho yake, wakitoka Oxford Street ile faida inakuwa ndogo sana au hamna. Yaani zoezi lilelile, mtu yuleyule, barabara imemnyang'anya faida yake. Na kama mnakuja na wadogo zenu basi ndo msiwapitishe huko kabisa, maana California walifuatilia watoto toka miaka 10 mpaka 18, waliokaa ndani ya mita 500 kutoka barabara kuu mapafu yao yalikua kidogo kuliko waliokaa mbali, hata wasio na pumu.

Jogingi msiache, nawaomba sana. Hameni njia. Moshi unapungua haraka ukiiacha barabara, mita mia moja mia mbili tu ni tofauti kubwa, na Tabora mitaa ya ndani yenye miembe ipo tele. Stendi msipite kabisa wakati mabasi yanaunguruma yamesimama.

Barakoa ya kitambaa inazuia vumbi, masizi madogo yanapita. Zile ngumu za N95 zikikaa vizuri usoni zinazuia chembe ila gesi hazizuii, na kukimbia nazo ni shida.

Huyo anayekohoa mwezi, msimpe jibu la moshi nyie wenyewe. Kikohozi kikivuka wiki mbili anatakiwa aende kituo cha afya apimwe makohozi, TB ipo, na hata wenye misuli inawapata. Mpelekeni wiki hii.