Chanjo ya homa ya mapafu: kwa nini ng'ombe wengine huachwa bila kuchanjwa?

SWALI: Daktari, habari za kazi. Nafuga Igunga, mkoani Tabora. Mwanangu anayesomea mifugo ananiambia chanjo mpya ya homa ya mapafu ya ng'ombe ikijaribiwa, wengine hawachanjwi, halafu wote huwekwa zizi moja na wagonjwa. Kwa nini wasipime tu damu ya waliochanjwa, hao wengine wakasalimika?

JIBU: Nzuri, mzee wangu. Kwa baadhi ya magonjwa kipimo cha damu hutosha, lakini kwa homa ya mapafu kinadanganya. Ng'ombe anaweza kuwa na kingamwili nyingi, yaani askari wa mwili wanaoonekana kwenye damu, na bado akaugua, na mwenye chache mapafu yake yakabaki safi.

Hao wasiochanjwa ndio wanaobeba jaribio zima. Si kila ng'ombe anayelala na mgonjwa huambukizwa. Tuseme waliochanjwa 10 wametoka wazima: wamekingwa na chanjo, au ugonjwa haukuwafikia? Hujui. Lakini wenzao 10 wasiochanjwa, waliovuta hewa ileile, wakikutwa 8 wameharibika mapafu, hapo chanjo imejieleza.

Wagonjwa wa kuambukiza wenzao hupatikana kwa kupitisha mpira mwembamba hadi kwenye koo la hewa na kumimina bakteria. Wengine huupata kwa kupumuliana, kama inavyotokea zizini kwako. Kisha ni kusubiri, maana ugonjwa huu hujificha wiki kadhaa, hata miezi. Anayezidiwa huchinjwa mapema asiteseke, nami nasema jaribio lisilo na sharti hilo lisipewe kibali.

Mwishowe wote huchinjwa na kifua hupasuliwa. Pafu lililougua, mara nyingi la upande mmoja, huwa gumu, lina mabaka mekundu na ya kijivu, limegandamana na mbavu, na kifuani mna maji ya manjano. Mkaguzi hulikata vipande akitafuta hata donge dogo la nyama iliyokufa, lililojifungia ndani na bakteria wangali hai. Ng'ombe mwenye donge hilo kwa nje anaweza kuonekana mzima kabisa, ukampeleka mnadani. Kila pafu hupewa alama, makundi yakalinganishwa.

Chanjo mpya hushindanishwa pia na T1/44, chanjo tunayoitumia. Bakteria wake walipatikana hapahapa Tanganyika mwaka 1951, wakapitishwa kwenye mayai ya kuku yenye kiinitete mara 44 ili wapoe makali. Imetusaidia sana, ila kinga yake ni ya takriban mwaka mmoja, na ng'ombe wengine huvimba vibaya mahali walipochomwa. Ndiyo maana bora zaidi inatafutwa.

Kwa sasa chanja kundi zima kila mwaka. Siku hizo usiwachome dawa za kuua bakteria kama oksitetra wala tailosini: chanjo hii ni bakteria hai, na dawa hizo zitawaua kabla kinga haijajengeka.