Ada ya urubani ya mwanao usiiweke kwenye vitabu vya duka

Mkuu, simama hapo hapo. Umeuliza kama ada ya mwanao ya urubani inaweza kuingia kwenye gharama za duka lako la vifaa vya ujenzi hapo Ngamiani, Tanga, ili kodi ipungue. Usiiingize! Na huyo aliyekwambia iandikwe "mafunzo ya wafanyakazi" mkimbie, maana sisi tuliambiwa maneno hayo hayo.

Familia yetu ina kampuni ya malori, tunabeba machungwa ya Muheza kwenda Dar na kuvuka mpaka wa Horohoro kuingia Kenya. Mdogo wetu alipokwenda kusomea urubani, mhasibu akatuhakikishia kwamba kijana ni wa kampuni, basi ada nayo ni ya kampuni. Sasa leseni ya urubani wa biashara kwa kawaida inataka saa 200 za kuruka, na kila saa unalipia ndege, mafuta na mwalimu. Si fedha ya kujificha. Faida kwenye ritani ya kodi ilishuka huku mizigo ikiongezeka, na mkaguzi wa kodi alikuwa na swali moja tu: huyu rubani anaendesha lori gani?

Ada yote ikarudishwa kwenye faida na kutozwa asilimia 30, juu yake riba ya muda wote uliopita, kisha adhabu. Tukasema tutapinga. Kumbe pingamizi lina siku 30, na unatakiwa kwanza uweke theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa, au ile usiyoibishania ikiwa ni kubwa zaidi. Tukauza lori. Mhasibu hapatikani kwenye simu. Hasira yangu kwake haijaisha: mtu analipwa ajue sheria, halafu anabahatisha kwa jasho la wenzake!

Kifungu cha 11 cha Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 kinakubali gharama iliyotumika yote, na kwa ajili hiyo pekee, kuzalisha mapato ya biashara au uwekezaji. Pango la duka, mshahara wa muuzaji, usafiri wa saruji, sawa. Kusomesha mtoto ni matumizi ya nyumbani, na leseni itakuwa yake, duka halirushi ndege. Kampuni ya ndege ikimlipia rubani wake mafunzo ya aina nyingine ya ndege, hiyo ni habari nyingine kabisa.

Wala usijipe moyo kwamba akiajiriwa ataidai ada hiyo mwenyewe kwenye kodi yake. Kifungu hicho hakimhusu mwajiriwa. PAYE, ile kodi inayokatwa kwenye mshahara, itachukua asilimia 30 ya kila shilingi inayozidi milioni moja kwa mwezi bila kuuliza alisoma kwa ngapi. Na zile video za Wamarekani za kukata ada kwenye kodi achana nazo, hata kwao masomo ya kukuingiza kwenye kazi mpya hayakatwi kwenye kodi.

Kila gharama iulize inaingizia nini biashara inayoilipa. Ukikosa jibu, itoe kwenye hesabu za kodi. Piga bajeti ya ada kama fedha isiyorudi hata senti, na ukichota dukani mwambie anayekuandikia vitabu aiandike kuwa matumizi binafsi ya mwenye duka, siku hiyo hiyo, stakabadhi ikiwa mkononi.