Kuandika juu ya haki waogopa, kumwita bibi wa watu mchawi huogopi?

Ndugu yangu uliyeuliza kama waweza kuweka maoni yako juu ya haki za raia na hizi habari za vioja bila kuja kuchukuliwa usiku, na kama jina la bandia litakusaidia, nakujibu kwa niliyoyaona manake mimi ni admini wa grupu la mtaa huku Kisauni, Mombasa, miaka mingi sasa na kila fujo lazima ipitie kwangu.

Jina la bandia tulimalize haraka. Laini yako imesajiliwa kwa kitambulisho, akaunti umefungua kwa laini hiyo hiyo, sasa wamficha nani? Labda shemeji yako.

Haya, haki. Kifungu cha 33 cha katiba ya Kenya ya 2010 chakupa uhuru wa kujieleza, kinachokatazwa ni kuchochea vita, fujo na chuki, na uheshimu jina la mwenzio. Na watu wameenda kortini wakashinda. 2016 Jaji Mumbi Ngugi alikifuta kifungu cha 29 cha sheria ya mawasiliano kilichokuwa kikishikia mabloga, kesi ya Geoffrey Andare hiyo, na 2017 ikafutwa ile ya kumfunga mtu jela kwa kumchafulia mwingine jina (siku hizi atakudai fidia tu, utalia na mfuko wako). Ndio ikaja sheria ya makosa ya kompyuta ya 2018, habari za uongo faini hadi milioni 5, BAKE, chama cha mabloga wa Kenya, wakakimbia kortini vifungu 26 vikasimamishwa, 2020 Korti Kuu ikasema sheria iko sawa na ubishi haukuishia hapo. Lakini soma vizuri, vile vifungu vya habari za uongo viliandikwa kukamata uongo, maoni yako ni kitu chengine.

Sitakudanganya kwamba sheria pekee yatosha. Albert Ojwang, mwalimu na bloga, alishikwa Homa Bay Juni 2025 kwa posti juu ya mkubwa wa polisi, akafia mikononi mwao Nairobi, tukaambiwa kajigonga kichwa ukutani, daktari aliyepasua maiti akakuta mengine kabisa. Kwa hivyo woga wako una sababu. Mimi mwenyewe niliwahi kuandika juu ya vijana waliozolewa hapa mtaani kwenye msako wa polisi, nikapigiwa simu na afisa mmoja, "futa hiyo kitu". Nikamwambia afande, nionyeshe sentensi isiyo kweli niirekebishe sasa hivi. Kila sentensi ilikuwa na saa, na barabara, na nilichokiona kwa macho yangu, na yale mawazo yangu nimeyaanza na "mimi naona". Akanyamaza, akasema tu nichunge mdomo. Posti iko mpaka leo.

Sasa kinachonishangaza, watu hawa hawa wanaotetemeka kuandika kitu juu ya polisi ndio wa kwanza kufowadi kioja bila hata kukisoma. Sisemi vioja vyote. Lile duara la chuma lililoanguka kijiji cha Mukuku kule Makueni mwisho wa Disemba 2024, kilo kama 500, nililiweka mwenyewe na grupu zima likawa la wanasayansi mpaka shirika la anga za juu la Kenya likasema ni pete ya roketi. Mwanamke mwenye kwato anayeomba lifti usiku pia mwacheni, huyo tumekua naye. Lakini ile ya paka! Ati paka kapigwa usiku mlangoni, asubuhi bibi wa nyumba ya pili kaamka na mguu umevunjika, yani mchawi ndiye yeye aliyejigeuza paka. Ikaingia na picha, bi kizee amekaa sakafuni na leso yake, bandeji mguuni, na mtaa wetu umetajwa. Nikaivuta ile picha karibu, ukutani nyuma yake kuna soketi ya matundu mawili ya duara. Kwetu soketi ni za pini tatu, picha yenyewe haikupigwa hata Kenya. Ila tayari kijana mmoja kashaandika "huyo twamjua" akamtaja bibi wa watu aishiye peke yake, na kiwanja chake watoto wa nduguye wanakitolea macho. Nikafuta, nikamtoa na kijana. Makelele niliyopigiwa! Ati nabana uhuru wa maoni.

Uhuru gani huo? Kule Kilifi wazee wanauawa kwa tuhuma kama hizo, mara nyingi nyuma yake kuna shamba, mpaka Kaya Godoma huko Ganze ikawa makimbilio ya wazee waliotoroka majumbani mwao. Na Sheria ya Uchawi, ipo tangu 1925, yasema kumtuhumu mtu uchawi ni kosa ila uwe umepeleka kwa polisi, chifu au wakubwa wengine wanaohusika. Yani mwenye jela mkononi ni yule kijana wa paka, si mimi wa msako.

Kwa hivyo andika, tena juu ya wenye vyeo na kazi zao, bibi za watu waache. Namba ya wakili iandike kwa karatasi umpe mtu nyumbani manake simu ndio ya kwanza kuchukuliwa. Hapa Mombasa wako MUHURI na HAKI Africa, mashirika ya kutetea haki, hao wenyewe 2015 serikali iliwafungia akaunti za benki kwa madai ya ugaidi, Korti Kuu hapa hapa mjini ikawasafisha mwaka huo huo. Ukishikwa uliza kosa gani, nyamaza mpaka wakili aje, na watu wako waanze kuhesabu masaa 24 ya kukufikisha kortini. Ila wakikubeba Ijumaa jioni jitayarishe kulala hadi Jumatatu, korti ikiwa imefungwa katiba inawaruhusu.